Babu, Mimi na Jina la Bucha

Kwetu Genkuru babu na mjukuu ni watani. Babu ananiita mke wangu, mimi namwita mume wangu, kibogoyo wangu, na yeye hana ruhusa ya kununa. Anayenuna ameshindwa, na mzee kushindwa na mtoto wa sekondari mbele ya wazee wenzake ni aibu isiyotoka kwa sabuni. Baba yangu, mwanawe wa kumzaa, hawezi kumtania hata kidogo. Mama ndiyo kabisa. Mkwe na baba mkwe hawapeani mikono, kigoda alichokalia babu mama hakikalii, na habari za mwili hazitajwi kati yao hata kwa mafumbo. Hiyo ni soni, na soni kwetu ina nguvu kuliko sheria ya serikali.

Kwa hiyo katika boma zima mtu pekee mwenye leseni ya kumwambia babu neno la chini ya kitovu ni mimi. Na mtu pekee mwenye leseni ya kuniambia mimi neno kama hilo hadharani ni yeye. Alianza yeye. Naomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho.

Nilikuwa kidato cha pili. Wazee wa Ringwani walikuja kumposa shangazi yangu mdogo. Nikavaa gauni langu la njano la Krismasi, nikashika beseni na jagi, nikazunguka kuwanawisha mikono. Nilisikia mgongo unauma tangu asubuhi lakini nikadhani ni kuni. Nilipoinama kwa mzee wa tatu, babu aliyekuwa nyuma yangu akaliona gauni langu kabla yangu mimi.

"Mke wangu!" akapaza sauti. "Umechinja lini bila kuniita? Na hii bucha umeifungua kwa leseni ya nani?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa utumbo wa mbuzi, ikabidi apigwe mgongoni. Mimi nilisimama na beseni langu. Utani unataka ujibu hapo hapo, na mimi ndiye mdomo wa familia, nasifika mpaka sokoni. Siku hiyo sikupata hata herufi moja. Nikatembea kinyumenyume mpaka jikoni kama mtu anayeagana na mfalme.

Pale kwenye nyama alikuwepo binamu yangu, tunayesoma naye darasa moja. Alikuja kula tu, lakini akaondoka na zaidi ya nyama. Jumatatu nilipoingia getini, jina langu nililobatizwa nalo lilikuwa limeshakufa na kuzikwa.

"Bucha, nusu kilo!"

"Bucha, leo maini yapo?"

"Mwacheni, Bucha hafungui Jumatatu, anasafisha magogo."

Hata mwalimu mmoja wa zamu alinigeuzia uso ukutani, mabega yakitikisika. Nilimwona.

Siku hiyo nikaapa. Sikuapa kwa Biblia, niliapa kwa lile gauni. Nilisema babu yangu atalila hilo jina, mbele ya wazee wale wale, na atalimeza bila maji.

Sasa, damu yangu yenyewe haikuwa ya mchezo. Wenzangu wanaenda siku nne, tano, wanamaliza. Mimi siku tisa. Pedi nabadilisha kila baada ya kipindi kimoja, na mabonge yanatoka mpaka naogopa kuangalia. Siku ya kwanza na ya pili tumbo linakamuliwa kama nguo ya jinzi, natapika chai, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Nikimwambia mama, anasema, "Ukizaa yataisha." Mimi nina miaka kumi na sita, mama, nizae lini, wakati wa mapumziko ya saa nne? Shangazi akasema ninywe chai ya rangi ya moto sana. Bibi wa jirani akasema ni kwa sababu nacheka ovyo.

Aliyeniambia neno la maana ni mwalimu wetu wa malezi. Nilizimia mstarini tukiimba wimbo wa taifa, nikaukosa mtihani wa hesabu, na wavulana wakasema Bucha kakatiwa umeme. Mwalimu akaniweka ofisini kwake, akanipa maji ya sukari na daftari dogo.

"Andika," akasema. "Siku inapoanza, siku inapoisha. Pedi ngapi kwa siku. Kama kuna mabonge. Maumivu uyape maksi, moja mpaka kumi. Ukienda hospitali watu wengi wanaona aibu kueleza, wewe utatoa daftari tu. Zaidi ya siku saba si kawaida. Kuzimia si kawaida. Asikudanganye mtu."

Nikaandika miezi mitatu, na mwezi wa pili nikazimia tena. Nikampa mama. Mama akasoma, akakunja, akaliweka chini ya mto wake siku mbili, kisha akanirudishia. Kwetu hospitali ni ya mfupa uliovunjika na nyoka. Kumwambia baba hakuweza, na baba bila idhini ya babu hatoi mtu kwenye boma kwenda kupimwa tumbo. Na nani aende kumwambia babu? Mimi? Nimwombe yule?

Nilikuwa na kazi nyingine na yule.

Kutoka kichanja chetu cha vyombo unaona nyuma ya ghala la mahindi, ila wa nyuma ya ghala hakuoni, kwa sababu ya ua wa mnyaa. Siku moja naosha sufuria, nikaona kofia ya babu imeegemea ukuta wa ghala. Nikadhani anasali. Nikamaliza sufuria ya kwanza, kofia ipo. Nikamaliza ya pili. Ndipo nikasikia. Tone. Kimya. Tone, tone. Kimya kirefu, babu akikohoa kama anayemhimiza ng'ombe mvivu. Tone. Mbuzi wetu dume alikuja pale, akakojoa, akaenda malishoni, babu bado yupo. Alipotoka alitembea hatua kama kumi, akasimama, akageuka, akarudi kulekule.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma.

Nikalichukua lile daftari, nikaligeuza juu chini, nikaanza kuandika kutokea nyuma. Kichwa cha habari: Upande wa Mume Wangu. Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka saa sita: mara tisa. Presha: hafifu, haifiki ukutani. Kusubiri: sufuria tatu. Kudondosha baada ya kumaliza: ndiyo, suruali ya kaki, mguu wa kushoto. Usiku: mlango wake wa bati umelia mara tano.

Nikaandika mwezi. Nikaandika msimu mzima wa mahindi. Na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoona kwamba boma lote linajua na boma lote limefunga mdomo. Mama kila asubuhi anamwaga majivu nyuma ya ghala, hasemi kwa nini. Baba alimnunulia babu suruali mbili nyeusi, akasema nyeusi haishiki vumbi la magari ya mgodi, kana kwamba vumbi linashika zipu tu. Babu mwenyewe aliacha kanisa kwa sababu mahubiri ni marefu. Akaacha kunywa maji, midomo ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Mtoto wake hawezi kumuuliza, mkwe wake hawezi kutazama, na wa kuuliza nilikuwa mimi, mwenye leseni.

Sikuuliza. Nilikuwa nakusanya.

Mpango ulikuwa hivi. Wazee wa Ringwani watarudi siku ya kuleta ng'ombe wa mahari. Wazee wale wale, vigoda vile vile. Nami nitavaa gauni lile lile la njano, ambalo doa lake lilikataa sabuni zote na kubaki kama ramani ya kahawia, nitashika beseni lile lile, na nitasoma daftari kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilifanya mazoezi mbele ya ndama. Ndama walinisikiliza vizuri sana.

Ng'ombe wakaja, na babu alikuwa na mafua ya siku mbili. Binamu alikuwa amemletea kutoka dukani vidonge vya mafua, vile vya rangi mbili, na babu akaviteremsha kwa pombe ya mtama tangu jana yake ili awe mchangamfu mbele ya wageni. Nikaliandika na hilo, nikachukua nafasi yangu kichanjani na kalamu yangu.

Saa mbili: hajaenda. Saa tatu: hajaenda. Nikasema anajikaza, anaona aibu ya wageni. Saa nne akaenda nyuma ya ghala. Nikaosha sufuria nne na sinia. Akatoka, suruali kavu. Nikaandika: hakuna. Saa tano akaenda tena. Hakuna. Saa sita akaenda mara mbili, na mara ya pili nikasikia akigonga ukuta wa ghala kwa ngumi, polepole, kama anayebisha hodi. Hata tone.

Akarudi kwenye kigoda chake akitembea kwa miguu iliyotanuka. Upepo ulikuwa wa baridi lakini kipaji chake cha uso kilikuwa kinatiririka jasho. Mkono mmoja ulishika chini ya tumbo, ndani ya koti, na pale pameinuka kama ameficha boga. Wakampelekea nyama na kichuri, akasukuma bakuli. Babu kukataa kichuri! Hata fisi akikataa mfupa utashangaa kidogo tu.

Zamu yangu ikafika. Nikatokea na beseni, gauni la njano, daftari kwapani. Babu akaniangalia. Kwa mara ya kwanza niliona macho yake yananiogopa, na niseme ukweli, ilikuwa tamu. Watu wanaosema kisasi ni kichungu hawajawahi kuitwa Bucha.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Ifuatayo ni taarifa ya habari."

"Haya, mkewe ameanza!" akasema yule mzee wa Ringwani aliyepaliwa mwaka jana. Wote wakakaa vizuri.

"Mume wangu," nikafungua daftari, "kwa kawaida mpaka saa hizi unakuwa umeenda nyuma ya ghala mara tisa. Leo umeenda mara nne, na ardhi ni kavu. Nani kakufungia koki? Mamlaka ya maji wamekujia?"

Kicheko kikalipuka. "Mura, mwanaume wewe!" mzee wa Ringwani akampiga babu begani. "Huyu mkeo anakuhesabia mikojo! Umeoa au umeajiri karani?"

"Ondoka hapa," babu akasema.

"Amenuna! Wazee, mume wangu amenuna!"

Nilikuwa nimeshinda. Kilikuwa kimebaki kidogo tu, nimtake alimeze lile jina la Bucha. Babu akanivuta mkono wa gauni mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake, mdomo unanuka pombe na mafua.

"Mke wangu," akasema, "nakufa."

Alisema taratibu, lakini vicheko vilikuwa vimeshaanza kupungua, wakamsikia wote.

Mzee wa Ringwani akaweka mfupa wake chini. "Mkojo haujatoka tangu lini?" Babu akafumba macho, mzee akaendelea. "Ndugu yangu alikaa hivi siku mbili akisema ni gesi. Tulimzika. Mpelekeni sasa hivi, ng'ombe hawaendi popote."

Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa babu. Hatua mbili! Akanigeukia mimi.

"Muulize babu yako tangu lini."

"Mume wangu, anauliza tangu lini."

"Mwambie tangu jana usiku."

"Anasema tangu jana usiku."

"Muulize kama ataweza kukaa kwenye gari."

"Unaweza kukaa kwenye gari?"

"Mwambie nikishindwa kukaa nitasimama, alete gari!"

Mama alikuwa amegeuza mgongo kabisa, anaongea na ukuta wa jiko: "Mwambie baba yako amchukulie blanketi. Mwambie atie na kanga ya kujifunika." Nilikuwa redio ya watu watatu wanaosikiana vizuri kabisa.

Tukapanda Probox ya jirani. Baba mbele na dereva, macho barabarani, mimi nyuma na babu kichwa chake kikiwa begani kwangu. Barabara ya kwetu mnaijua, magari makubwa yameila. Kila shimo babu anang'ata blanketi. Nami kila shimo nikamnong'oneza, maana hasira yangu haikuwa imebaki nyumbani.

"Hilo la nusu kilo, mume wangu." Shimo. "Hilo la maini." Shimo. "Hilo la mtihani wa hesabu. Hilo kubwa ni la Bucha."

Babu akageuza uso. "Bucha ndiyo nini?"

Nikadhani anatania. Nikamwangalia machoni. Hakuwa anatania. Hakumbuki. Alisema lile neno, akacheka, akanawa mikono, akala nyama, akasahau. Mwaka mzima nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekatiwa nalo umeme mstarini, na mwenye neno hana habari. Nikasikia baridi kuliko hasira. Mashimo yaliyobaki mpaka mjini Tarime sikuyapa majina.

Daktari tuliyemkuta hospitalini alikuwa dada mdogo, pengine umri wa shangazi. Babu akamtazama, akanitazama.

"Hakuna mwanaume?"

"Yupo, ametoka kula," dada akasema. "Utamsubiri?"

Babu akaliangalia boga lake. "Usiende popote, mwanangu."

Baba akabaki nje ya mlango, soni imemkamata kwenye kizingiti. Dada akauliza: unaamka mara ngapi usiku, mkojo unatoka kwa nguvu au unakatika, unasubiri muda gani, umekunywa dawa yoyote? Babu akaangalia dari. Mzee anayeweza kuongea saa nzima juu ya pembe za ng'ombe akawa anahesabu mbao zake. Nikatoa daftari, nikampa upande wa nyuma.

Dada akasoma. Mdomo ukamcheza. "Kusubiri sufuria tatu?"

"Ni muda wa kuosha. Za ugali, zilizoungua."

"Hii ni bora kuliko maelezo ya wagonjwa wangu wote wa wiki hii," akasema. "Na vidonge vya mafua na pombe, jana na leo. Ndivyo vilivyofunga mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo."

Nikatolewa nje ya pazia. Nikasikia vyombo, nikasikia babu akiapa kwa Kikurya maneno ambayo sikujua kwamba anayajua, kisha kimya, kisha sauti kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ikaendelea, ikaendelea. Babu akaanza kutamka baraka, zile ambazo wazee wanatamka mvua ikinyesha baada ya ukame. Mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukaanza kujaa tena.

Waliponirudisha ndani alikuwa amelala, mpira unatoka chini ya shuka mpaka kwenye mfuko uliotundikwa pembeni ya kitanda, uso wake umekuwa mdogo. Dada akakaa.

"Mzee, kuna tezi imezunguka njia ya mkojo kama mkono ulioshika mpira wa maji. Wanaume wote wanayo. Umri ukienda inavimba, mkono unakaza, maji yanapita kwa shida. Wengi wa umri wako wanayo shida hii."

"Si gono?" babu akauliza kwa sauti ya mtoto. "La ujanani?"

"Si gono."

"Wala si yule jirani wa mpakani aliyeniapiza?"

"Mwache jirani wa watu. Ila lazima tupime damu, na nipime kwa kidole, tuhakikishe si saratani. Ni vitu viwili tofauti, na vinaweza kufanana kwa nje. Na kuacha kunywa maji hakusaidii, kunakuumiza. Kunywa mchana, punguza jioni. Vidonge vya mafua usiguse bila kuuliza."

"Kwa kidole wapi?"

Dada akamwambia wapi. Babu akaniangalia akiomba msaada. Nikageuka kuangalia dirisha. Kila mtu na siku yake ya kuinama.

Ndipo dada akaligeuza daftari. Sijui kwa nini, labda alitafuta mwanzo wake. Akasoma kurasa za mbele, na mdomo haukumcheza tena.

"Na huyu mgonjwa mwingine yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akanivuta chini ngozi ya jicho. "Siku tisa. Umezimia mara mbili. Nani anajua haya?"

"Shule nzima. Wananiita Bucha."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha babu kwa kidevu. Nikaanza. Babu alikuwa amefungwa kitandani kwa mpira, hawezi kuinuka, hawezi kwenda nyuma ya ghala. Nikamsomea taarifa yote ya habari, ile niliyoifanyia mazoezi kwa ndama na nyingine ambayo ndama hawakuisikia. Wazee wa Ringwani, beseni, bucha, leseni ya nani. Nusu kilo. Maini. Kutapika chai. Mama na mto wake. Hesabu. Kisha nikageuka nikamwonyesha mgongo wa gauni, doa lote.

"Unakumbuka sasa, mume wangu?"

Macho ya babu yalikuwa kwenye doa, yakahama yakaenda kwenye mfuko wake mwenyewe pembeni ya kitanda, ulivyokuwa unajaa mbele za watu. Akavuta shuka kufunika mfuko. Halikufika.

"Mwite baba yako," akasema.

Baba akaja mpaka mlangoni.

"Mwambie baba yako," babu akaniambia, "huyu mtoto atibiwe hapa, leo. Kama kuna wa kusubiri foleni, nisubiri mimi."

Nikamwambia baba. Baba akasema, "Mwambie nimesikia," akaenda kuuliza dirisha la malipo liko wapi.

Walinichukua damu, ikaonekana imepungua sana. Picha ya tumbo haikuonyesha uvimbe. Dada akanieleza kwamba katika miaka hii ya mwanzo homoni zinaweza kuwa hazijatulia, lakini hiyo si sababu ya mtu kuachwa amwagike mpaka azimie. Akanipa vidonge vya kuongeza damu na vingine vya kupunguza kutoka kwake siku zile nzito. Dawa ya maumivu akasema nimeze mapema, tumbo likianza tu, na niwe nimekula, nisingoje mpaka niwe chini. Niendelee na daftari na nirudi. "Na atakayekwambia ukizaa yataisha," akasema, "mwambie aje anione mimi."

Babu akarudi nyumbani na mpira wake wiki kadhaa, huku dawa ikiilainisha ile tezi. Mfuko ule hawezi kuufunika na koti. Siku ya pili akaniita.

"Mke wangu, nishonee kitu cha kuutia huu."

Mama ana vitambaa tele kwenye kikapu. Mimi nikachukua mkasi, nikakata gauni la njano. Nikapima vizuri. Nikashona mfuko wenye mkanda wa begani, na doa nikaliweka mbele, katikati, kama nembo ya shule.

Babu akaugeuza mikononi muda mrefu.

"Hukuwa na kitambaa kingine?"

"Nilikuwa nacho."

Akauvaa.

Na kwa kuwa mtu wa kuumwaga mfuko asubuhi na jioni anatakiwa kuwa mjukuu, si mtoto wala mkwe, babu akamchagua binamu yangu. Hiyo sikuiomba. Ilikuja yenyewe, kama nyongeza ya nyama.

Mwezi ule ule kukawa na kikao cha wazazi shuleni. Huwa anakwenda baba. Siku hiyo babu akachukua fimbo yake akasema anakwenda mwenyewe. Nilikuwa getini na wenzangu wa zamu nilipomwona anapanda njia, kofia, koti, na kile kimfuko cha njano kinaning'inia ubavuni doa likitazama dunia.

"Oya, Bucha!" mvulana mmoja akapiga kelele. "Babu yako huyo!"

Babu akasimama. Wavulana wakamsalimia haraka haraka, shikamoo babu, shikamoo. Hakuitikia.

"Nani Bucha hapa?"

Binamu yangu akaanza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

"Nimeuliza. Hilo jina nililitoa mimi, nimekuja kulichukua. Nililiacha kwa mtu ambaye si lake." Akanyanyua kile kimfuko cha njano mpaka usoni kwa yule mvulana, akakitikisa, na ndani kukasikika maji. "Mwenye bucha ni mimi. Mnaona, natembea nayo. Sasa niite."

"Babu, mimi nilikuwa..."

"Niite nikwambie!"

"Bu... Bucha," mvulana akasema, akirudi nyuma. "Shikamoo."

"Marahaba. Na mwingine akitaka kuliita, anifuate Genkuru, nitamwitikia."

Akaingia kwenye kikao. Nasikia aliketi safu ya mbele, kimfuko mapajani, na wakati wa maswali akasimama kuuliza shule ina vyoo vingapi vya wasichana vyenye maji.

Hakuna aliyeniita tena lile jina. Nani atamwita msichana jina la mzee mwenye fimbo? Majibu ya kipimo chake cha saratani yalirudi salama, ila anatakiwa kurudi kupimwa. Mpira ulitolewa, na presha sasa inafika ukutani, nimeandika. Mimi nimeshuka mpaka siku sita, maumivu maksi nne, na mtihani wa hesabu uliofuata niliufanya. Nilifeli, lakini niliufanya nikiwa nimekaa.

Mnadhani nimemsamehe? Wazee wa Ringwani bado hawajamsikia akilimeza jina mbele yao, na arusi ya shangazi ni Desemba. Kwa sasa nafanya mazoezi. Jioni nikiwa kichanjani na sufuria zangu, nikiona kofia imefika ukutani, nangoja mpaka aanze vizuri, kisha naita kwa sauti yangu yote:

"Bucha!"

Maji yanakatika nyuma ya ghala.

"Naam, mke wangu," anaitikia, kwa sababu ni lazima.